Uchambuzi wa picha katika Jeshi la Akiba la Marekani: wikiendi moja kwa mwezi inatosha?

Mchora Ramani, Minnesota
Ndugu zangu, salamu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi huku kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, na kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta. Afisa anayeandikisha askari ameniambia kuwa Jeshi la Akiba lina nafasi za wachambuzi wa picha za kiintelijensia, yaani picha zinazopigwa kutoka angani, fani inayoitwa 35G, na kwamba ningetumika wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Nina watoto wawili wadogo. Naomba aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze ilivyo.

Askari wa Zamani, Texas
Ndugu, hiyo wikiendi moja huanza baada ya mafunzo: wiki 10 za awali, kisha takribani miezi mitano Fort Huachuca, Arizona, mbali na watoto wako.

Kazi yenyewe ni kupima na kulinganisha zaidi kuliko kutazama. Urefu wa kivuli hukupa kimo cha jengo, na alama za magurudumu ambazo juzi hazikuwepo hukuambia kuna kilichopita hapo. Ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, ilipopiga picha Cuba tarehe 14 Oktoba 1962, wachambuzi walipima vitu virefu vilivyofunikwa maturubai, wakavilinganisha na picha za makombora yaliyopitishwa kwenye gwaride la Moscow, ndipo wakajua wanachokiona.

Ugumu wa mtu wa akiba ni kwamba picha za siri hazitoki ndani ya chumba zinamotunzwa, na simu yako haiingii humo, kwa hiyo huwezi kujifunzia nyumbani. Jicho hulegea. Kila mwezi nilipoteza nusu siku nikizoea upya, ingawa wewe mwenye ramani mikononi kila siku huenda ukapoteza kidogo.

Mama Wawili, Ohio
Kaka, afisa huyo angeanza na suala la uraia. Mwenye kibali cha ukaazi anaweza kuandikishwa jeshini, lakini 35G inahitaji idhini ya kuona siri, nayo hupewa raia wa Marekani. Mkenya ana nafuu, kwani Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Sisi Watanzania watu wazima tukichukua uraia wa huku tunaupoteza wa kwetu. Zaidi ya hapo, fomu ya uchunguzi, SF-86, itakuuliza ndugu zako walioko nyumbani na safari zako za nje. Jibu yote kwa ukweli, hata kuhusu yule mjomba usiyependa kumtaja.

Askari wa Zamani, Texas
Dada amesema kweli. Kuhusu ajira, sheria ya USERRA ya mwaka 1994 inamtaka mwajiri akurudishe kazini baada ya utumishi, ingawa mwajiri wangu mmoja alikuwa akinuna kila nilipompelekea barua ya wito.

Mchora Ramani, Minnesota
Nashukuruni sana. Miezi ya mafunzo ningeivumilia. Pasipoti ndiyo itakayonirudisha kwa mke wangu tukazungumze kwanza.