Mafundi redio za gari hapa Unguja, hii "hedi imekufa" yenu imetosha!

Wakuu, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kunambia nipunguze. Hedi ni ile sehemu yenye leza na lenzi inayosoma CD. Kama wewe ni fundi redio na roho inakuuma, soma kwanza, matusi utayaleta baadaye.

Nina kijigari cha Kijapani, mtumba kama za wengi wetu, kimeshuka bandarini Malindi na redio yake ya CD ndani. Redio yenyewe si ile ya kiwandani, ni ya kuongeza, kaitia huyo Mjapani wa mwanzo. Imepiga miaka bila ya tatizo. Halafu ikaanza kuchagua CD. Hii inasoma, hii inazunguka weee kisha inaandika ERROR na kuitema. Ikifika barabara ya Fuoni penye mashimo inaruka maneno mpaka msomaji wa maulidi anaonekana ana kigugumizi.

Najua kuna mtu keshaanza kuandika "mkuu, CD mwaka huu? Sikiliza redio." Redio ipi? Redio za Japani za zamani FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Vituo vyetu vingi viko juu ya 90. Kwa hiyo mpaka ufungiwe ekspanda, kile kifaa cha kuyashusha masafa ya vituo yaingie kwenye redio, na ukifungiwa namba za kwenye kioo zinakuwa za uongo na kituo kimoja kinaingilia chengine. Bluetooth haina, tundu la flashi halina. Na mie nina CD ambazo hazipo mtandaoni hata ukitafuta kutwa: maulidi ya homu yaliyosomwa harusini kwetu, taarabu za klabu za mtaani ambazo hazikuwahi kutoka dukani, mawaidha ya masheikh waliokwisha kutangulia. Hizo ntazisikiliza wapi?

Basi nikaenda kwa fundi. Simtaji jina wala mtaa, maana hapa kisiwani ukitaja mtaa ushamtaja mtu. Akatia CD moja, ikatemwa. Akaitia tena, ikatemwa. Hajachukua bisibisi, hajachungulia na tochi. "Mzee, hedi imekufa. Hii hata ukifanyaje. Nikufungie Android, kioo kikubwa, na kamera ya nyuma." Laki tatu na nusu, lakini "kwa wewe" laki tatu. Nikamwambia sitaki kioo, nataka usafishe lenzi kwanza. Akaguna, akakubali, elfu ishirini ya kufungua na kusafisha. Nikaiacha gari.

Jioni naambiwa: "Nimeifungua, nimesafisha yote, hedi ndo imekufa, nilikwambia." Nikalipa. Elfu ishirini yangu ikaenda.

Asubuhi gari haistuki. Betri kavu. Nikachomoa redio nione kafanya nini huko nyuma, na hapo ndo nilipochemka. Soketi kaikata! Pale pana kikufuli cha plastiki, unakibana kwa kidole gumba na plagi inatoka yenyewe. Yeye kachukua koleo akakata waya zote, kisha akazipotoa kwa mkono na kuzifunga selotepu ya madaftari. Si tepu ya umeme, selotepu ya madaftari ya skuli! Na waya ya njano na nyekundu kaziunga pamoja. Kwa asiyejua: kwenye redio hizi za kuongeza, njano ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ndio unaolinda saa na vituo ulivyohifadhi hata ukizima gari. Nyekundu ni moto wa ufunguo, ndio unaoiamsha redio. Nyeusi ni ardhi. Ukiziunga njano na nyekundu pamoja redio haijui kama umezima gari, inakunywa betri usiku kucha. Mtoto wa chuo cha amali mwaka wa kwanza anajua hayo.

Hilo bado si kubwa. Kubwa ni hili: juu ya kifuniko cha redio, kwenye skrubu moja, kuna kikaratasi cha kiwandani cha Kijapani kinachoziba kichwa cha skrubu. Huwezi kufungua bila ya kukitoboa. Kilikuwa kizima. Hakijakwaruzwa. Kwa hiyo hiyo "nimeifungua, nimesafisha yote" ilikuwa uongo mtupu, mchana kweupe, na mkono kanipa wa asante.

Nikasema liwalo na liwe, naifungua mwenyewe. Naandika nilivyofanya ili wenzangu msiibiwe.

Waya hasi ya betri nilikuwa nshaivua kwa spana namba 10. Redio juu ya meza, kitambaa cheupe chini ili skrubu zisikimbie, na simu inapiga picha kila hatua. Nyie mnaojiamini kichwani, pigeni picha. Skrubu ni ndogo za nyota, tumia bisibisi inayoingia sawasawa, la sivyo utazila vichwa. Kifuniko cha juu kikitoka utaona mashine ya CD imening'inia kwenye springi na vipira vyenye mafuta ndani. Hivyo ndivyo vinavyomeza mtikisiko wa barabara, usivichomoe kama hakuna haja. Na kuna utepe mwembamba wa waya unaoteremka kwenye bodi, ukivuta bila kufungua kikufuli chake umeiua redio kweli, si kwa maneno ya fundi.

Cha kwanza nilichokikuta ni karatasi. Zile CD za kuchoma tunazonunua zimebandikwa karatasi yenye picha juu. Gari ikikaa juani gundi inalegea, karatasi inachanika mle ndani. Kipande cha picha ya sheikh, ndevu na nusu ya kilemba, kimejizungusha kwenye rola ya raba inayovuta CD. Ndo maana ilikuwa inazimeza kwa taabu. Nikakitoa kwa kibano taratibu. Rola yenyewe imeng'ara kama kiatu kipya; raba ikishang'ara hivyo inateleza. Nikaipitishia kitambaa chenye alkoholi kidogo mpaka weusi ukaacha kutoka.

Kisha lenzi. Ni kijicho kidogo, rangi ya buluu ukikitazama kwa upande, kimeshikwa na vijiwaya vyembamba sana ili kiweze kupanda na kushuka. Juu yake pana ukungu, vumbi limechanganyika na unyevu wa chumvi na moshi. Madirisha wazi, bahari ile pale, utegemee nini? Tujue tunazungumzia kitu gani: mistari ya CD imepishana mikroni 1.6, yaani kwenye milimita moja mnaingia mistari zaidi ya 600. Mwanga wa leza unapita kwenye hicho kijicho kwenda na kurudi. Ukungu ule unatosha kabisa kuifanya redio isione kitu, izunguke, ikate tamaa, iteme. Na fundi atakwambia imekufa.

Sikupuliza kwa mdomo, mate yanaruka. Nimetumia kipira cha kuvutia makamasi ya mtoto, kipya, kikavu. Baadae kijiti cha pamba cha masikio na tone moja la alkoholi, ile wanayosafishia bodi mafundi simu wa Darajani, isopropili. Pamba iwe na unyevu tu, isichuruzike. Unagusa juu ya kijicho na kuzungusha kwa uzito wa kijiti chenyewe, hukandamizi. Kijiti cha kwanza kilitoka na rangi ya majivu. Cha pili kikavu, cha kumalizia. Spiriti ya vidonda ya dukani jihadhari nayo, nyengine ina mafuta na itaacha utando upya. Thina na asetoni ni haramu, lenzi hizi nyingi ni plastiki, zinaingia ukungu wa milele. Kuna mtu kwenye uzi mwengine alishauri kupulizia uturi. Uturi, yakhe! Unataka CD inukie udi?

Reli linakotembelea lile jicho nayo ina grisi ya zamani, imeganda na vumbi imekuwa nata kama halua. Hapa kuna alama nzuri ya kujua ugonjwa. Redio ikishindwa tangu mwanzo, inazunguka kidogo na kutema, basi imeshindwa kusoma faharasa ya CD, ambayo iko ndani karibu na tundu la kati. Anza na lenzi. Ikisoma nyimbo za mwanzo vizuri na kuanza kukwama kuelekea za mwisho, angalia reli, maana CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje na huenda jicho linashindwa kufika ukingoni. Yangu ilikuwa na yote mawili. Futa grisi kuukuu, tia tone la grisi nyeupe isiyodhuru plastiki. Usitie mafuta ya kupikia, vaselini, wala ile dawa ya kopo ya kulegezea kutu.

Nikaunga waya zote upya kwa solda na tepu ya umeme, njano peke yake, nyekundu peke yake. Kabla ya kurudisha kwenye dashibodi nikatia CD ya maulidi.

Ikasoma! Mara moja, bila kusita, na dufu zikalia uwanjani mpaka jirani akatoka kuuliza nani kaoa. "Hedi imekufa" ndo hiyo inayopiga.

Sisemi hedi hazifi. Leza inachoka kwa umri, na ikianza kuchoka utaona inasoma CD za kiwandani na kukataa za kuchoma, kwa sababu za kuchoma hurudisha mwanga kidogo zaidi. Zile za kufuta na kuandika tena hurudisha kidogo mno, redio nyingi za zamani hazikuzisoma hata zilipokuwa mpya. Na kuna CD zangu mbovu zenyewe, zilikaa juu ya dashibodi juani, rangi yake imebadilika, hizo sina la kufanya. Lakini fungua kwanza ndo uniambie!

Na nyie mnaochokonoa kile kiskrubu kidogo cha pembeni ya hedi, acheni. Kile kinapandisha nguvu ya leza. Mnakizungusha, redio inasoma mwezi mmoja, mteja anafurahi, kisha leza inaungua moja kwa moja na mteja anarudi kununua Android. Jirani yangu kafanyiwa hivyo hivyo. Huo si ufundi, huo ni mtego.

NYONGEZA, kuwajibu waliochangia:

Aliyesema ningetia tu ile CD ya kusafishia yenye vibrashi: vitabu vingi vya redio za gari vinakataza, na kwenye redio za kumeza kama hii vibrashi vinaweza kukwangua lenzi. Halafu ingetoaje karatasi ya sheikh kwenye rola?

Aliyeniuliza kama inafaa kutazama lenzi ikiwa inawaka nione kama leza inafanya kazi: usitazame. Mwanga wake ni nanomita 780, takriban hauonekani kwa jicho la mtu, lakini hautaki mchezo. Ukitaka kujua, elekeza kamera ya simu kwa upande, baadhi ya simu zitaonesha kidoa cha zambarau.

Wa Wete aliyesema kwao fundi anafungua mbele ya mteja: mshukuruni Mungu, na mleteni huku.

Aliyenambia niende Tume ya Ushindani Halali: kwa risiti ipi? Umewahi kupewa risiti na fundi redio? Nilimfuata mwenyewe na kikaratasi cha skrubu mkononi. Akanitazama, akasema "basi ilikuwa imejisafisha." Pesa hajarudisha.

Na anayesema elfu ishirini si pesa ya kufungulia uzi, anitumie yeye.

Sasa naomba msaada wa kweli. Nahitaji soketi ya nyuma ya redio na waya zake, zile za kuchomolewa kwenye gari za kukata, si za Kichina zenye waya kama uzi wa kushonea. Nimezunguka Mwanakwerekwe naambiwa "njoo kesho". Pia rola ya raba ya kuvutia CD, yangu imesafika lakini imeshaanza mpasuko upande mmoja. Mwenye redio mbovu ya namna hii anayetaka kuitupa asiitupe, aniandikie inbox, nakuja kuichukua mwenyewe, mjini au shamba.