Tupeane uzoefu: wachezaji wa Quake Live, ni mechi gani bado inakuuma?

MlinziWaMega
Wakuu, jana usiku nimeingia Quake Live, ule mchezo wetu wa kupigana risasi mtandaoni, kwenye seva moja ya Clan Arena (timu kwa timu), nikakuta watu saba. Wanne kati yao majina yao nayajua tangu enzi tunachezea ndani ya kivinjari. Ramani ilikuwa Campgrounds. Nilikuwa sijaugusa mchezo huu karibu miaka miwili, lakini vidole vilikwenda vyenyewe, kila kona, kila pedi ya kurukia.

Ndipo ikanijia mechi yangu moja ya dueli, mmoja kwa mmoja, kwenye ramani ya Blood Run. Naongoza fragi (mauaji) 9 kwa 8, zimebaki sekunde 20, kazi yangu ni moja tu: kujificha. Nikasikia mega, ile afya kubwa, imechukuliwa, nikajua jamaa yuko wapi, nikajiona salama. Nikaruka kutoka ghorofa ya juu kwenda chini, nikatua kwa kishindo, na roketi ilikuwa inanisubiri pale pale. 9 kwa 9. Zikaongezwa dakika 2, nikapigwa tatu bila jibu. Nilizima kompyuta nikakaa gizani muda mrefu.

Tupeane uzoefu. Yako ni ipi? Na kama bado unacheza, tuambie nini kinakurudisha kwenye mchezo ambao mwili wake ni ule ule wa Quake III ya mwaka 1999.

Roketi_Mguuni
Longest Yard. Sina la kueleza zaidi.

Shangazi_Plasma
Roketi nakuelewa kabisa. Mtu anakulenga na bunduki ya reli ukiwa katikati ya anga, huna pa kushika, na hata asipokuua anakusukuma nje ya jukwaa unadondokea kwenye lile giza. Mimi niliipenda ramani ile kwa sababu hiyo hiyo. Ukiruka umeshaamua, hakuna kurudi.

Yangu si mechi moja, ni mwaka mzima wa kujifunza kuruka mshazari ili kuongeza kasi. Kukimbia kwa kawaida ni kasi ya 320 kwa vipimo vya mchezo, sote tunajua. Kuna mtu alikuwa ananipita akiwa kwenye 500 na zaidi, naona mgongo wake tu. Nilikaa kwenye ramani tupu peke yangu, usiku hadi usiku, nageuza mausi taratibu huku nimeshika W na D, kisha W na A. Siku mwili ulipoelewa sikulala. Hakuna mchezo mwingine ulionipa furaha ya kutembea tu.

Chuma_Baridi
Umenikumbusha mbali dada. Halafu mwaka 2014 wakaweka kuruka kwenyewe ukishikilia kitufe, na silaha za kujichagulia kabla ya mechi. Jasho lote la mwaka mzima likafanywa kitufe kimoja.

Tikiti_Maji
Kaka, silaha za kujichagulia nakubaliana na wewe, zilivunja moyo wa mchezo. Vita ya dueli ni nani ameishika ramani, sasa ukimpa kila mtu reli mfukoni ramani inabaki mapambo. Lakini kushikilia kitufe kulikuwa na ubaya gani? Kasi inatokana na mausi na pembe, kitufe ni sehemu ndogo. Wageni walikuwa wanaingia na kutoka siku hiyo hiyo.

Chuma_Baridi
Na baada ya kuwekewa kitufe walibaki?

Tikiti_Maji
Hawakubaki. Kwa sababu walikuwa wanakutana na watu kama wewe wenye miaka 10 ya ramani ya Aerowalk kichwani, wanafungwa 30 kwa hasi 2. Ungewaachia hata fragi tano.

Chuma_Baridi
Kumwachia mtu fragi ni kumdharau. Mimi nilifungwa hivyo hivyo, na aliyenifunga akabaki seva baada ya mechi akanionyesha ngao nyekundu inarudi baada ya sekunde 25 na mega baada ya 35. Hiyo ndiyo heshima.

mgeni_wa_reli
Samahani wakuu, mimi ndiyo kwanza nina wiki mbili. Hizo sekunde mnazihesabuje huku mnapigana?

Roketi_Mguuni
Angalia saa ya mechi. Ukichukua ngao nyekundu saa inasoma 4:10, inarudi 4:35. Unashika namba moja tu ya mwisho, 35.

Shangazi_Plasma
Usiangalie saa kabisa mdogo wangu, utakufa ukiwa unasoma. Sikiliza. Baada ya miezi mwili utajua.

Kubwa_la_Umeme
Wote wawili mnampoteza. Aanze na Clan Arena, hakuna vitu vya kuokota, anajifunza kulenga kwanza.

Tikiti_Maji
Clan Arena itamharibu. Atazoea kuzaliwa na silaha zote, akija dueli hatajua pa kwenda. Punguza kasi ya mausi yako, mgeni, hilo tu kwa sasa.

Kubwa_la_Umeme
Mimi nilipandisha ya kwangu ndipo silaha yangu ya umeme ikanyooka. Ule mshale unapiga mara 20 kwa sekunde, mtu akikukaribia anazunguka, mkono mzito hauwezi kumfuata.

Kipanga_Mkiwa
Nimeandika nikafuta mara tatu. Leo acha niseme, kwa sababu MlinziWaMega amegusa penyewe.

Tulikuwa na kundi la watu kumi na kitu, tunakutana kila usiku kwenye seva yetu. Kwenye dueli mimi ndiye nilikuwa namba moja, na kila mtu alilijua hilo. Kisha akaja mgeni. Sitataja jina lake la mchezo. Haandiki chochote isipokuwa "gg" (mechi nzuri) mechi ikiisha. Wiki ya kwanza akanifunga Aerowalk. Wiki ya pili akanifunga ramani tatu mfululizo. Kulenga kwake hakukuwa kwa ajabu, reli yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichonitesa ni hiki: kila nikitokea mlangoni, roketi yake ilikuwa imeshaondoka. Ilikuwa inafika mlangoni pamoja na mimi.

Nikasema huyu anaona kupitia ukuta. Nikaanza kuwanong'oneza wenzangu. Usiku mmoja nikaingia mechi yake kama mtazamaji, nikamfuata kwa macho yake mwenyewe, nikarekodi demo, lile faili la kuirudia mechi ndani ya mchezo. Dakika ya 6 nikapata nilichokuwa nakitaka. Yuko kwenye kona, ukuta mbele yake. Anageuza mausi polepole kuelekea mlango ambao hauna mtu. Anasubiri. Anapiga roketi kwenye sakafu tupu. Mwenzake anaingia, mlipuko unamkuta miguuni, amekufa.

Nikakata sekunde 12, nikazigeuza video, nikazirusha kundini. Sauti ya mchezo nilikuwa nimeizima, ndivyo nilivyozoea nikiwa mtazamaji. Video ikaenda bubu. Watu wakaitazama, wakaamini. Mwenye mamlaka ya seva nilikuwa mimi, nikampiga marufuku siku hiyo hiyo. Kabla hajatoka aliandika neno moja: "sikiliza". Nikadhani ananitishia. Nikasubiri amalizie, hakumalizia.

Miaka ikapita. Mwaka jana nilikuwa nahamishia mafaili yangu ya zamani kwenye diski mpya, nikaikuta ile demo. Nikaifungua nikiwa na hedifoni masikioni, nikaenda moja kwa moja dakika ya 6.

Kwanza, mlio wa ngao ya njano ikiokotwa, mbali, upande wa kushoto. Halafu hatua za mbio juu ya chuma. Halafu kimya kidogo, mguno wa mtu anayetua kutoka juu. Halafu ule mvumo wa reli, mnaujua, unaosikika mtu akiwa ameishika mkononi, unakua, unakua, unakaribia mlango. Mausi ya yule jamaa ilikuwa inageuka kufuata sauti hatua kwa hatua. Hakuwa anaona chochote kupitia ukuta. Alikuwa anaambiwa kila kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeziba masikio, kisha nikawazibia na wenzangu.

"Sikiliza" lilikuwa jibu lake lote. Nimebaki na neno hilo.

Roketi_Mguuni
Aisee.

MlinziWaMega
Kipanga, nimeisoma nikiwa nimesimama. Ulimtafuta?

Kipanga_Mkiwa
Nimemtafuta sana. Jina lile halitumiki tena. Nimeuliza kwenye seva zote zenye watu wa enzi zile. Mmoja aliniambia anamkumbuka, lakini hajui alikokwenda.

Chuma_Baridi
Mkuu nitasema bila kuzunguka. Ulikuwa mshindani wake, ukawa mwendesha mashtaka, ukawa hakimu pia. Demo haikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa ni nani ameishika.

Kubwa_la_Umeme
Chuma, mtu amekuja mwenyewe kukiri baada ya miaka, unamrushia mawe ya nini?

Chuma_Baridi
Sijamrushia jiwe. Nami niliwahi kuitwa mwizi kwenye seva nisiyokuwa na rafiki hata mmoja, najua kunavyouma. Hakuna aliyeomba demo yangu.

Nondo_25
Mimi naomba kutofautiana na wote. Sauti kuwepo hakuthibitishi kwamba alikuwa safi. Mtu anaweza kusikia na bado anatumia programu ya kuona ukutani. Tulikuwa nao tele, tusijifanye tumesahau.

Tikiti_Maji
Nondo, anayeona kupitia ukuta hasubiri. Anakufuata kwa kielekezi, akikusogelea kinatetemeka nawe. Soma tena alichoandika Kipanga: aligeukia mlango, akapiga sakafu. Sakafuni! Huyo anajua mtu yuko karibu, hajui yuko wapi hasa. Roketi ya sakafuni ni ya mtu anayekisia.

Nondo_25
Au ya mtu mjanja anayejificha.

Tikiti_Maji
Basi kwa hesabu yako hakuna mchezaji mzuri atakayewahi kuwa msafi.

Shangazi_Plasma
Nondo hebu jaribu leo. Ingia Blood Run na mtu mmoja, kaa kona, usiangalie chochote. Mtu akiruka utamsikia. Akiokota utajua ameokota nini, kwa sababu mega ina mlio wake, ngao ina wake, risasi zina wake. Akipita kwenye lango la kuhama utasikia. Akikanyaga pedi utasikia. Asiyesikika ni yule anayetembea taratibu tu, na kwenye Quake nani anatembea?

Roketi_Mguuni
Mimi natembea. Sekunde tatu za mwisho kabla ya kona naminya kitufe cha kutembea. Imeniokoa mara nyingi kuliko roketi zangu zote.

Kubwa_la_Umeme
Na ukiwa unavizia usishike reli, shika roketi. Reli inavuma.

Chuma_Baridi
Shika reli makusudi ili asikie, kisha badilisha. Wakubwa wanafanya hivyo.

mgeni_wa_reli
Sasa mimi nachezea spika za mezani. Ninunue hedifoni au nipunguze kwanza kasi ya mausi?

Shangazi_Plasma
Hedifoni. Leo.

MlinziWaMega
Wakuu, baada ya kusoma ya Kipanga nimerudi kwenye ile mechi yangu kichwani. Miaka yote nimekuwa nikisema jamaa alibahatisha. Nilitua kwa kishindo. Nimeandika mwenyewe hapo juu kwa mkono wangu, nilitua kwa kishindo, na sikuwahi kuunganisha. Kulikuwa na ngazi hatua tano pembeni. Ningeshuka taratibu tu.

Nondo_25
Kipanga, weka hiyo demo tuisikie wenyewe. Nikisikia ulichosema nitanyamaza.

Kipanga_Mkiwa
Ni ya zamani, faili la aina ya dm_73, mchezo wa sasa hauifungui. Mwenye programu ya wolfcamql ataifungua. Kwa wasio nayo nimetengeneza video upya, sekunde zile zile 12, safari hii na sauti. Nimeiweka kwanza kule kwenye kundi letu la zamani, chini ya ile ya mwanzo, na nimeandika kwamba nilikosea na marufuku nimeiondoa. Waliobaki kule ni wachache, lakini ndiko nilikomchafulia jina. Sasa naiweka na hapa.

Tikiti_Maji
Umefanya vema ndugu.

Chuma_Baridi
Nakazia. Na ibaki pale pale, usije ukaifuta.

Nondo_25
Nimesikiliza mara mbili. Ule mguno wa kutua uko wazi. Nimenyamaza.

Shangazi_Plasma
Nami nimesikiliza, nimefumba macho kabisa. Ngao ilipookotwa, shingo yangu iligeuka kushoto yenyewe.