Daktari kasema mzee wangu "huenda" ana MND. Huenda ndiyo nini?

Kijana wa Tandahimba: Wakubwa shikamooni. Baba ana miaka 61. Msimu uliopita alianza kushindwa kubangua korosho, zinamponyoka. Sasa nyama chini ya dole gumba la kulia imekwisha, pamebaki shimo, na mkono unachezacheza wenyewe hata akilala. Ganzi hana. Hospitali daktari kamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka nusura umpige. Anahisi MND, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ila kagoma kuandika mpaka twende Dar. Nyumbani wanasema muhogo mchungu, wengine karogwa. Nauli tunayo ya safari moja tu. Twende?

Mama Naliendele: Pole mwanangu. Muhogo siyo. Konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu, huku kwetu tunaijua: inakuja ghafla, miguu yote miwili inakakamaa, halafu inabaki hapo hapo. Ya mzee imeanzia kidoleni na bado inaendelea.

Kinyundo: Mama kamaliza. Mimi ni tabibu, si bingwa wa neva. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni MND". Vigezo vya madaktari vya kutambua ugonjwa huu, vya El Escorial vya 1994, vilipanga wagonjwa kwa madaraja, "huenda" ikiwa mojawapo, na watu walikaa humo miezi. Vya Gold Coast, vya 2020, vimefuta madaraja. Vinataka udhaifu unaozidi kwa mtu aliyekuwa mzima. Dalili za neva za juu, zitokazo ubongoni (goti kuruka, kukakamaa), pamoja na za chini, ziendazo kwenye misuli (nyama kuisha, kuchezacheza), kwenye eneo lile lile la mwili, au za chini peke yake maeneo mawili. Na magonjwa mengine yawe yameondolewa.

Hapo mwisho ndipo penye kazi. Mkono umekonda, goti linaruka: pingili za shingo zikibana uti wa mgongo huleta picha hiyo hiyo, na hiyo ina upasuaji. Ndiyo maana kagoma kuandika. Waombe MRI, yaani picha ya ndani, ya shingo na kipimo cha umeme wa misuli. Bebeni makaratasi yote ya nyuma, tarehe zina maana.

Kijana wa Tandahimba: Na ikiwa ndiyo yenyewe?

Kinyundo: Kuna dawa, riluzole. Haiponyi, inachelewesha kidogo. Anapaliwa akinywa maji?

Kijana wa Tandahimba: Hapana. Ila nimemuuliza habari za shingo, kumbe aliwahi kuanguka kwenye mnazi akanyamaza. Tunapanda basi Jumatatu.