Tupeane uzoefu: Kubandua maandishi ya vinili kwenye nguo na kumaliza gundi inayobaki

Mwenye Bale
Wadau, hamjambo. Niko Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, upande wa fulana. Unafungua bale unapata pamba nzito, kola haijalegea, rangi bado kali, halafu kifuani kumeandikwa mkutano wa ukoo wa watu fulani wa Ohio. Wako vijana wanaozipenda hivyo hivyo, na sibishani na pesa yao. Lakini fulana ileile ikiwa tupu hukaa siku chache tu kwenye kamba.

Mimi hutumia pasi. Nageuza fulana ndani nje, napitisha joto nyuma ya maandishi, nairudisha, nashika ncha ya herufi kwa kibano na kuivuta kabla haijapoa. Ikipoa inashika tena, kwa hiyo nakwenda herufi moja moja. Herufi zinatoka. Kinachonisumbua ni ule unato unaobaki: mteja akivaa unakamata vumbi na nyuzi, unakuwa mweusi, na jina la ukoo linasomeka upya. Nyinyi huumaliza vipi? Semeni mlichofanya kwa mikono yenu, video nimeshatazama za kutosha.

Fundi wa Kariobangi
Kabla ya gundi tuanze na chapa yenyewe, maana watu wanamaliza tokeni za stima kwa kitu kisichobanduka. Pitisha ukucha pembeni mwa maandishi. Vinili ina ukingo. Ni utando uliokatwa na mashine, una gundi ya kuyeyuka kwa joto upande wa chini, na kwa kawaida hupigwa kwenye hitipresi, mashine ya kukandamiza kwa joto, kwa digrii 150 hadi 160 hivi. Ukiurudishia joto, gundi inalainika. Wino wa skrini, ule unaochapwa kupitia wavu, nao umeshikana na nyuzi za kitambaa. Ukiuvuta unakatika vipande vipande na mara nyingi hautoki wote. Na ukipitisha ukucha kwenye poliesta usihisi chochote, hiyo ni sablimesheni: rangi iligeuka mvuke ikaingia ndani ya uzi wenyewe. Hiyo iache.

Sasa unato. Kwa pamba, chukua karatasi ya kaki, hata bahasha kuukuu, ilaze juu ya gundi, pitisha pasi, kisha ivute ingali moto. Itaondoka na sehemu ya gundi. Geuza upande mwingine au chukua nyingine. Karatasi iliyojaa inarudisha kile ulichotoa. Ukifika mahali karatasi haivuti tena, zima pasi uiweke mbali, ndipo uingie kwenye dawa. Naanza na spiriti ya kemisti. Ikishindwa, asetoni. Nalaza kitambaa cheupe chini, nachovya kipande cha pamba, napaka kwa upande wa nyuma ili dawa ifike kwenye gundi ikitokea ndani ya kitambaa. Naiacha iingie, halafu navuta nguo huku na huku kwa vidole gumba mpaka gundi inainuka, naikwangua kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Mwisho sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu.

Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Kile kipande cha pamba kikitoka na rangi ya fulana, hapo simama. Na lebo ikitaja aseteti, aina ya kitambaa, asetoni usiifungue kabisa, itayeyusha kitambaa ubaki na tundu.

Kuna dawa maalumu ya kutoa vinili inayoitwa VLR, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo ya kupakwa nyuma. Ni nzuri, lakini kwa fulana ya mtumba hesabu yake hairudi.

Mama wa Sare
Fundi amesema ya pamba. Mimi nashona sare huku Umoja, na trakisuti zinazoletwa ni poliesta: mtoto amehama shule, mzazi hataki kununua mpya, anataka nembo ya kwanza itoke. Pasi yenye joto la pamba kwenye poliesta inaacha mng'ao wa mraba ambao hautoki kamwe. Angalieni picha ya pasi kwenye lebo, mhesabu vitone: kimoja ni kama digrii 110, viwili kama 150, vitatu kama 200. Poliesta nyingi ziko kwenye kimoja au viwili. Mimi niliacha pasi kabisa, naazima draya ya saluni kwa jirani. Inachelewa, lakini unaona utando ukianza kulegea na unaamua mwenyewe.

Nembo iliyodariziwa ni wembe na subira, haina mambo mengi.

Kocha wa Mtaa
Na kivuli je? Hicho hamjakigusa. Jezi zetu ni nyekundu, zimechezewa juani misimu na misimu. Mfadhili alipobadilika tukabandua kila kitu, gundi ikaisha kabisa, lakini namba bado zinasomeka ukiwa upande wa pili wa uwanja. Chini ya vinili nyekundu imebaki mbichi, pembeni imepauka. Wakaniambia nifue tena. Nikafua. Rangi iliyoliwa na jua haina sabuni ya kuirudisha.

Tulichofanya ni kupiga namba mpya pana zaidi juu ya kivuli. Aliyekuwa 3 sasa ni 8, na hajalalamika. Fundi wetu wa River Road alituuliza jambo moja la maana: kama tunataka vinili nyeupe ya kawaida au ile ya kuzuia rangi. Nyekundu ya poliesta ikipata joto hupanda ndani ya vinili nyeupe, na baada ya muda namba zote ni za waridi. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Kijana wa Juja Road
Mnajisumbua. Petroli kidogo na mswaki wa zamani, gundi kwisha.

Fundi wa Kariobangi
Inaisha, sikatai. Ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta jiko la jirani, na unashika hata kwenye baridi ya Julai. Asetoni nayo ni vivyo hivyo: fanyia nje, na nguo isiguse pasi mpaka ifuliwe na kukauka. Mwenye Bale yuko Gikomba, soko lililoungua mara nyingi, sina haja ya kumweleza habari za moto.

Mwenye Bale
Huna, ndugu yangu. Petroli haikanyagi kibanda changu. Karatasi ya kaki nimeijaribu leo kwenye fulana ya kijivu, na mabaki nimeyamaliza kwa spiriti. Imetoka safi. Swali lililobaki: jaketi za mvua za nailoni zenye jina la kampuni mgongoni?

Fundi wa Kariobangi
Hizo mimi hukataa. Nyingi zimepakwa kitu cha kuzuia maji upande wa ndani, palepale ambapo ungepitisha joto na dawa. Utatoa jina utoe na kinga, mvua iingie. Ziuze zilivyo au zifunike kwa kiraka.

Mama wa Sare
Viraka ninavyo, mviringo na mraba. Lakini nikishona natoboa, na maji yatapita kwenye tundu za sindano. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa, asije akanitafuta mimi siku ya mvua.