Kitambi kinatoa homoni? Naombeni ushauri, presha ya mume wangu imepanda

Mama Wawili: Habari zenu wapendwa. Mume wangu ana miaka 46. Mikono na miguu myembamba, ila tumbo limemtangulia. Mtaani wanamsifia eti mwili wa pesa. Wiki iliyopita kliniki presha ilisoma 158/98. Nesi akamzungushia futikamba kiunoni: sentimita 106. Daktari akasema mafuta ya tumboni yanatoa homoni zinazoumiza moyo. Tangu turudi nyumbani anacheka, "mafuta yatatoaje homoni?" Nimekosa la kumjibu, na naogopa.

Nesi Mstaafu: Pole mdogo wangu. Daktari kasema kweli. Zamani mafuta yalionekana ghala la akiba tu. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman kule New York ikagundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ili kuuambia ubongo kuwa akiba ipo. Mtu akinenepa leptini inajaa mwilini, ubongo unaacha kusikia ujumbe wa kushiba, huku neva zinazobana mishipa zikizidi kuchochewa. Presha inapanda.

Ipo nyingine, adiponektini. Hii ni rafiki: inatunza ukuta wa ndani wa mishipa na kuisaidia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kufanya kazi. Kitambi kikikua, yenyewe inapungua! Halafu mafuta yaliyozunguka utumbo yanatoa kemikali zinazochokoza mishipa kama kidonda kisichopona, na damu yake nyingi inapitia kwenye ini kwanza. Ndiyo maana tunapima kiuno, hatuishii kwenye mizani. Mwanaume akifika 94 tunaanza kumfuatilia.

Dereva wa Masafa: Dada, mimi nilifika 110. Niliacha soda na chipsi za njiani, nikawa natembea kila jioni nikishaegesha gari. Miezi minane baadaye nikawa 98, daktari akapunguza dozi. Alipunguza yeye, sikujipunguzia.

Binti Tanga: Mpe maji ya ndimu na tangawizi kila asubuhi, dawa za hospitali aachane nazo.

Nesi Mstaafu: Hapana, binti. Ndimu anywe akipenda, lakini vidonge asiache hata siku moja. Nimepokea wodini wengi walioacha, mdomo umekwenda upande.

Mama Wawili: Nimemsomea yote, hakucheka. Ameitoa futikamba kwenye cherehani yangu, anataka tupime kila Jumapili. Nianze kupunguza nini, wali au mafuta ya kupikia?

Nesi Mstaafu: Anza na soda, bia na chumvi ya mezani. Wali mpe, ila nusu ya sahani iwe mboga.