MREJESHO: Dada wa Nyarugusu na watoto wa marehemu kaka yake

Shalom wapendwa. Mtakumbuka niliuliza jinsi kanisa letu dogo la Waswahili hapa Winnipeg linavyoweza kumdhamini dada mmoja Mkongo aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, ahamie Kanada pamoja na yatima anaowalea.

Ushauri wa kuunda kikundi cha watu watano wanaodhamini mkimbizi kwa pamoja haukufua dafu. Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi hivyo tangu tarehe 29 Novemba 2024. Aliyesema tupitie dhehebu lenye mkataba wa udhamini na serikali, Mungu akubariki! Tulikubaliwa kuingizwa kwenye nafasi za wakimbizi wanazopewa kila mwaka, ingawa ni chache na foleni ni ndefu. Fedha za kuwatunza miezi 12 ya kwanza zilipatikana kwa harambee, kina mama wakiongoza kama kawaida yao.

Mama mchungaji aliyeonya tusiwajazie watoto fomu za peke yao, asante sana. Mtoto asiye na mlezi hadhaminiwi kwa njia hii, kwa hiyo tumewaandika chini ya shangazi yao, na barua za ulezi zimeambatanishwa.

Kwa kaka yao mkubwa tumeshindwa. Ameshaoa, anahitaji ombi lake mwenyewe, na nafasi hatuna. Hilo linaniuma, na shangazi limemliza.

Faili limepokelewa, bado hawajasafiri. Anayeanza sasa asihangaike na fomu kwanza, atafute dhehebu lenye mkataba.