Tumelipia Alaska ya "kikundi kidogo", tumegeuziwa maili ya 15. Wakala huyu arudishe pesa za watu

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi nyingine za safari. Hili ni suala la pesa za watu, na najua wapo wenzetu huku Marekani ambao wameshatoa malipo ya awali kwa ajili ya kiangazi cha 2026 bila kujua wanachonunua.

Barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Denali ina maili 92, karibu kilomita 148. Tangu Agosti 2021 imefungwa kwenye maili ya 43, kwa sababu mbele kidogo, mahali panapoitwa Pretty Rocks, ardhi iliyoganda chini ya mlima inayeyuka na ubavu mzima wa mlima unateremka pamoja na barabara. Serikali inajenga daraja la kuvuka hapo. Hifadhi imeitangaza habari hii miaka yote hii, ipo kwenye ramani zao, na kila anayefanya biashara ya utalii Alaska anaijua. Mabasi yanageuzia maili ya 43.

Ratiba niliyouziwa mimi kwa Agosti 2025, ambayo bado ninayo kwenye simu, imeandika: "siku nzima ndani ya Denali mpaka Eielson." Eielson, kituo cha wageni ndani ya hifadhi, iko maili ya 66. Huyu bwana ameuza mahali ambapo basi halifiki tangu 2021, na amepokea pesa akiwa anajua.

Basi angalau tungefika hiyo 43. Hatukufika. Asubuhi tulipofika hifadhini, kijana aliyekuwa anatuendesha akaenda dirishani kuulizia tiketi zetu, akarudi uso umembadilika. Hakuna tiketi iliyowekwa kwa jina la kampuni. Agosti ni msimu wa watu wengi, viti vya siku hiyo vimeisha. Tukapandishwa basi dogo la hifadhi linalokwenda mto Savage, maili ya 15, kisha likatugeuza. Wakuu, basi hilo ni la bure. Hifadhi inalitoa kwa yeyote aliyelipa kiingilio, na kiingilio chenyewe ni dola 15 kwa mtu mzima. Kipande hicho kina lami na gari lolote binafsi linaruhusiwa kufika. Tumelipa dola 3,800 kila kichwa, mbali na tiketi za ndege, tukaishia pale anapofika mtu aliyekodi gari yake Anchorage akaamua kwenda kupunga upepo.

Kwa waliowahi kufika Ngorongoro: ni sawa na mtu akulipishe kushuka kreta, akusimamishe pale juu ukingoni upige picha, kisha aseme tumemaliza.

Nilimpigia wakala jioni ile ile. Jibu lake: "Kaka, mlima umejificha, mimi nifanyeje? Mawingu ni ya Mungu." Sikuwa nimemuuliza habari ya mlima Denali wenyewe. Najua mlima hujificha. Wenyeji wenyewe wanasema katika wageni watatu ni mmoja hivi anayebahatika kuuona. Mita 6,190 zile zinatengeneza hali yake ya hewa yenyewe, na Agosti ni mwezi wa mvua. Sidai mlima. Sidai dubu wala nyangumi. Kabla ya kuhamia Minnesota nimeendesha wageni Arusha kwa miaka mingi, na hakuna mwongoza watalii mwenye akili zake atakayemwahidi mgeni chui. Mnyama hana mkataba na mtu. Ila barabara ina maili zake, boti ina njia yake, tiketi inanunuliwa au hainunuliwi. Hivyo ndivyo vitu wakala anavyolipwa kuvishughulikia, na hivyo ndivyo ambavyo hakuvishughulikia. Halafu anajificha nyuma ya mawingu.

Sasa niseme lililoniuma kuliko pesa.

Safari hii niliilipia kwa ajili ya mama yangu. Ni mzaliwa wa Marangu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Maisha yake yote ya kazi amefundisha watoto wa sekondari mito ya barafu: jinsi barafu inavyochonga bonde likawa na umbo la herufi U, jinsi inavyosukuma mawe na kuyaacha yamerundikana, vipande vinavyomeguka na kuelea baharini. Alikuwa anachora ubaoni kwa chaki za rangi. Hakuwahi kuona hata kimoja kwa macho yake, isipokuwa ile barafu ya Kibo aliyokuwa akiitazama kutoka uani kwao ikipungua mwaka hadi mwaka. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 imeshaondoka. Alipopata viza nikasema, mama huyu lazima asimame mbele ya mto wa barafu unaoishia baharini kabla hajarudi nyumbani.

Ratiba ilitaja mito mitatu ya barafu. Nawaeleza ilivyokuwa.

Wa kwanza, Portage, mwendo wa saa moja hivi kutoka Anchorage. Pale kuna jengo la wageni lililojengwa 1986 mahsusi ili watu waiangalie barafu ikiwa ng'ambo ya ziwa. Barafu imerudi nyuma kiasi kwamba leo ukisimama kwenye jengo hilo huioni kabisa, imejificha nyuma ya kona ya mlima. Ili uione unapanda boti ya ziwani, safari ya kama saa moja. Boti hiyo haikuwemo kwenye malipo yetu. Tukashushwa kwenye maegesho, tukaambiwa "hii ndiyo Portage", watu wakapiga picha ya maji. Mama akauliza barafu iko upande gani. Kijana akanyoosha kidole kuelekea mlimani.

Wa pili, Exit Glacier, jirani na mji wa Seward. Huu ndio unaofikika kwa barabara katika Hifadhi ya Kenai Fjords yote. Kutoka barabara kuu ni maili zisizozidi tisa, hakuna kiingilio, na njiani wameweka vibao vyenye miaka kuonyesha barafu ilikuwa inafika wapi mwaka gani. Rais Obama alipita hapo Septemba 2015 akionyeshwa vibao hivyo. Mwalimu wa jiografia angetaka nini zaidi? Tuliipita ile njia panda bila kukata kona. "Muda hauruhusu, boti inatusubiri." Mama aliona kibao cha barabarani chenye jina hilo, akanigeukia: "Mwanangu, si ndio huu ulioniambia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Na boti yenyewe ndiyo ilikuwa kiini cha mambo. Ratiba inasema "safari ya boti kuona mito ya barafu ikimeguka baharini." Sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopigwa. Seward kuna safari za boti za namna mbili. Kuna ndefu, ya saa sita au zaidi, inayotoka nje ya ghuba, inazunguka na kuingia ghuba ya Aialik, hadi mbele ya barafu ya Holgate au Aialik yenyewe, inayotoka kwenye lile bapa la barafu la Harding. Hapo ndipo unaposikia mlio wa barafu ikipasuka na kuona kipande kikiporomoka majini. Na kuna fupi, ya saa nne hivi, ambayo haitoki kabisa kwenye ghuba ya Resurrection. Hiyo fupi ni nzuri kwa fisi-maji wa baharini, simba-bahari, ndege wa majabalini, na barafu utaiona kwa mbali juu ya milima. Lakini mto wa barafu unaoingia baharini hauufikii. Haiwezekani, haiendi huko.

Tulikatiwa fupi. Bei yake ni ndogo, na tofauti imebaki mfukoni mwa mtu.

Nilimuuliza mfanyakazi mmoja wa boti tutafika Holgate saa ngapi. Alinitazama kwa huruma akasema hii haiendi huko, ya huko imeondoka asubuhi. Nawasifu wale watu wa boti, walifanya kazi yao vizuri mno, walimletea mama kiti na blanketi, wakamwonyesha fisi-maji amelala chali na mtoto kifuani. Kosa si lao. Mama alikaa kule mbele na darubini yangu ya zamani ya kazini muda wote, akisubiri barafu. Boti ilipoanza kugeuka akaniuliza kama ndio tunaelekea huko sasa.

Hayo mengine nayapitisha haraka. "Kikundi kidogo kisichozidi watu 12" kiligeuka watu 26, kwa sababu siku tuliyofika alituunganisha na kundi lingine alilouziana na mtu, tukajazwa kwenye basi la ukubwa wa Coaster. Kuna tofauti kubwa kati ya watu 12 na 26 nyikani: mnaposimama kuangalia kulungu mkubwa kando ya barabara, nusu ya basi wanaona migongo ya wenzao. Kijana mmoja ndiye dereva, ndiye mwongozaji, ndiye mpakia mizigo, na msimu wake wa kwanza. Nilimwonea huruma. Alikuwa anasoma maelezo kwenye karatasi.

"Wanyama wa porini" waliotajwa kwenye tangazo, dubu na nyati wa msituni, tuliwaona kwenye kituo cha kutunza wanyama waliookolewa, pale pale Portage. Kituo kinafanya kazi ya maana na sina neno baya juu yake. Ila wanyama wako ndani ya uzio, na ratiba haikusema hivyo. Iliandika "dubu katika mazingira yao ya asili."

Na ile picha ya tangazo, wakuu! Wengi mmeiona kwenye magrupu ya WhatsApp: dubu wamesimama juu ya maporomoko, mmoja amefungua mdomo, samaki wa samoni anaruka. Pale ni Brooks Falls, ndani ya Hifadhi ya Katmai. Hakuna barabara ya kwenda Katmai. Unafika kwa ndege ndogo inayotua majini au kwa boti, na wakati mzuri wa dubu pale ni Julai na tena Septemba. Katika ratiba yake nzima hakuna ndege, hakuna Katmai. Picha ni ya mahali ambapo safari yake haijawahi kuwa na mpango wa kwenda. Kwetu Arusha ukimwonyesha mgeni sokwe wa Mahale ukampeleka Tarangire, unaitwa tapeli mbele ya ofisi yako, na leseni yako ya utalii (TALA) inaingia hatarini.

Jina la kampuni sitaliweka hapa, kwa sababu madai yangu bado yako benki na sitaki kumpa mwanya wa kusema nimemchafua. Naeleza tu kwamba ni mwenzetu wa Afrika Mashariki, anatangaza kwa Kiswahili, na anawaendea hasa watu wanaowaleta wazazi. Anajua mtoto aliyemleta mama yake hatamgombeza mtu mbele ya mama. Hicho ndicho kinachonitia hasira kuliko yote. Anafanya biashara kwa adabu zetu.

Ninachodai ni hiki: anirudishie tofauti ya boti, gharama ya siku ya Denali ambayo haikufanyika, na fidia ya kuvunja masharti ya idadi ya watu. Nimempigia hesabu kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Na aitoe ile Eielson kwenye ratiba ya 2026 kabla hajapokea dola nyingine.

Mliolipa kwa kadi ya mkopo: sheria ya shirikisho inakupa siku 60 tangu taarifa yenye malipo hayo itumwe kwako, uandike barua kupinga. Msisubiri maneno ya "tutaongea". Waliotuma kwa Zelle, yaani pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki, kazi yao ni ngumu zaidi, na sasa naelewa kwa nini alikuwa anasisitiza Zelle. Pia majimbo kama California, Washington na Florida yanamtaka muuza safari awe amesajiliwa, kwa hiyo kama unakaa huko angalia kama yumo kwenye orodha, na kama hayumo peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Na kabla hujamlipa mtu yeyote wa Alaska, mwulize kwa maandishi: basi la Denali linageuzia maili ya ngapi na tiketi zimeshanunuliwa? Boti ya Seward ni ya saa ngapi na inafika Holgate au Aialik? Mtu wa kweli atakujibu ndani ya dakika tano.

NYONGEZA: Amenijibu leo baada ya kusikia kuna uzi. Anasema atanipa punguzo la dola 400 "kwenye safari yako ijayo nasi", kwa sharti uzi ufutwe. Nimekataa. Mama anaondoka mwezi ujao, hakuna safari ijayo.

Naomba wawili watatu waliokuwa kwenye safari ya Julai wajitokeze, nasikia nao waligeuziwa maili ya 15. Nikipata ratiba na risiti zenu tutapeleka malalamiko ya pamoja. PM yangu iko wazi.